Ukuta wa Magazeti, Pazia la Mtumba

Wasichana wanaoniletea mapazia ya mtumba niyapunguze kabla ya Krismasi hudhani kupamba nyumba kwa vitu vilivyokwisha kutumika ni ujanja wa zama zao. Nawaacha waseme. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na sijawahi kuiona Krismasi ya hapa iliyopambwa kwa vitu vipya vitupu.

Nianze na ukuta. Nyumba ya mama ilikuwa ya matofali mabichi, na Desemba ikiingia kazi yake ya kwanza ilikuwa kuisiriba upya: udongo mweupe juu, mwekundu chini usawa wa goti, ili matope ya mvua yakiruka yasionekane. Sebuleni alibandika magazeti. Alikoroga uji mzito wa unga wa ngano, akaupaka kwa kiganja, sisi watoto tukashika pembe za karatasi. Lilikuwamo Uhuru, lilikuwamo Kiongozi la Wakatoliki, ingawa sisi ni Walutheri, na zilizogombewa kuliko zote ni kurasa za Nchi Yetu, gazeti la serikali, kwa sababu ya picha. Ukurasa ukibandikwa kichwa chini, basi tuliusoma shingo upande mwaka mzima, mpaka Krismasi nyingine ilipoleta tabaka jipya juu yake. Nyumba ile ilipokuja kubomolewa, karatasi iliyobanduka ilikuwa nene kuliko kidole changu cha gumba.

Mti na uzi vilitoka misheni. Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 jeshi la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, liliangamiza kikosi cha Kijerumani cha Zelewski, si mbali na hapa. Katika miaka ile ya vita na iliyofuata kifo cha Mkwawa mwaka 1898, wamisionari wa Kijerumani walijikita Uhehe, nchi ya Wahehe: Wabenediktini Tosamaganga, Walutheri wa Berlin huku kwenye milima ya Kilolo, ambako kijiji kimoja kinaitwa Pommern mpaka leo. Wenyewe waliondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mti wao wa Krismasi ukabaki. Kwetu ulikuwa tawi la mti wa paina lililosimikwa kwenye kopo la samli lililojaa mchanga. Juu yake tuliweka pamba ya hospitali iwe theluji, nasi hakuna aliyewahi kuona theluji. Hilo hunichekesha hadi leo.

Lakini pambo lenyewe hasa, lililomtambulisha mwenye nyumba, lilikuwa kitambaa cha kufuma. Misheni zilifundisha wasichana kufuma na kutarizi, na baada ya uhuru madarasa ya akina mama yakaendeleza. Sindano ya dukani ikikosekana, spoku ya baiskeli ilikatwa, ikasuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa kindoano. Uzi ukiadimika, sweta iliyochakaa ilifumuliwa, uzi ukafuliwa na kuanikwa ukiwa umezungushiwa ubao ili unyooke. Mama alipenda mtindo wa nanasi: duara la katikati, kisha mananasi yanayofuatana, kisha ukingo wa vidole. Kikiisha kilitiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa, kikasimama kikavu juu ya mgongo wa kiti. Kilikaa sandukuni mwaka mzima, kikatoka tarehe 24, kikarudi baada ya Mwaka Mpya.

Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vilipokwisha, maduka yalikuwa matupu. Kitambaa cha pazia kilikuwa ndoto. Hata sabuni tuliipangia foleni. Mwaka 1983, katika msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu walificha hata doti za kanga walizonunua kihalali, kwa hofu ya kuulizwa zimetoka wapi. Krismasi ile mlangoni kwetu ulining'inia mfuko wa unga uliopasuliwa, ukafuliwa mpaka maandishi yakafifia, mama akautarizi maua mekundu pembeni. Nimewahi kushona mapazia ya bei mbaya tangu hapo, na bado naliona lile kuwa zuri zaidi. Huenda ni utoto.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Nguo za mitumba, zile wazee walizoita kafa Ulaya, zilikuwa zikifika zamani kama msaada kupitia makanisa. Sasa zilikuja kibiashara, kwa marobota. Sisi tulio kwenye barabara hii ya lami, iliyojengwa kwenda Zambia, hatukuzifuata mbali. Magari yaliyopandisha mlima Kitonga yalizishusha hapa hapa, zikamwagwa kwenye turubai, ikawa sagula-sagula. Ndani ya robota lilitoka pazia la velveti, kitambaa cha meza chenye kengele na majani mekundu, sweta ya kulungu mwenye pua nyekundu. Ile sweta tunaivaa Julai, baridi inapotukaba.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikomeshwe ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, Rwanda peke yake ikashupaa na mwaka 2018 ikaadhibiwa. Tanzania ilirudi nyuma. Najua hoja ya viwanda vyetu, na nimeishi wakati kiwanda cha Urafiki kikitoa kanga za maana. Ila pazia la mtumba lina pindo la vidole vinne, na jipya la bei ya chini lina pindo la kidole kimoja. Mimi naishi kwa pindo.

Kwa hiyo nawaambia wasichana: usinunue rangi, inua pazia juani kwanza. Mistari iliyopauka itajionyesha, na hapo ndipo litakapochanika likifuliwa. Linuse, harufu ya ukungu haitoki kirahisi. Fumua kidogo pindoni uone rangi ya asili. Nyanya za mashambani kwetu zikiwa na bei nzuri hawanisikilizi, wananunua haraka haraka. Nyanya zikishuka wananiletea vitambaa vya bibi zao niviunganishe viwe pazia moja. Mwanzoni nilisita kukata nanasi la mtu aliyekwisha fariki. Siku hizi siyakati, nayaunga ukingo kwa ukingo kwa mkono, na kazi hiyo nailipisha zaidi kuliko ya mashine. Wenye nayo wayalete kabla ya tarehe 15. Baada ya hapo cherehani ni ya magauni ya watoto.