Wa Kwanza Kufika Bandarini

Babu yangu aliachwa na meli mwaka 1958, na kilichomchelewesha ni feri ya Likoni. Kama wewe ni mtu wa Mombasa, hapo huhitaji maelezo zaidi. Alikuwa amepata kazi ya jikoni kwenye meli ya abiria iliyokuwa inateremka Unguja, Dar es Salaam na kuendelea kusini hadi Beira. Aliambiwa awe langoni Kilindini saa mbili asubuhi. Meli yenyewe ilikuwa ing'oe nanga saa sita mchana. Babu akapiga hesabu zake: hata nikifika saa tatu, si bado nina saa tatu nzima?

Akafika saa tatu na kitu, sanduku la bati kichwani. Karani akaangalia orodha, akamwambia nafasi yake imeshapewa mtu mwingine. Meli ilikuwa pale pale, imefungwa gatini, moshi unatoka polepole. Babu alikuwa akisema, "Mimi niliachwa na meli ambayo haijaondoka." Sisi wajukuu tulicheka kila mara. Yeye hakucheka sana.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo ndiyo iliyonikaa. Alibaki langoni kwa sababu hakujua aende wapi. Ilipofika saa tano, akaona magari yanaingia. Abiria wa daraja la kwanza, kofia na miwani, wanashuka bila haraka. Walifika saa tatu baada ya muda aliopewa yeye, na hakuna aliyewauliza kitu. Baadaye babu aliajiriwa kuwa kuli hapo hapo Kilindini, akabeba mizigo ya watu kama wale mpaka mgongo ukakataa.

Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, lakini sikuielewa mpaka mwaka nilioacha chuo. Usajili ulifungwa usiku wa manane. Karo yetu, ya kuchangiwa na shangazi watatu na chama cha mama, iliingia saa tatu asubuhi siku iliyofuata. Masomo yalikuwa yaanze wiki mbili baadaye. Nikaambiwa nimechelewa. Nami nikaachwa na meli ambayo haijaondoka.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu bandari. Wengine huachana na mtu wakaanza mazoezi. Mimi nilianza kusoma ratiba za meli za zamani. Nilitaka kujua kitu kimoja: nani aliamua mtu afike bandarini saa ngapi, na kwa nini si saa moja kwa wote?

Hapa kwetu pwani, kwa karne nyingi jibu halikuwa saa, lilikuwa mwezi. Kaskazi ilivuma kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi. Kusi iliposhika, kuanzia Aprili, ikawarudisha. Katikati ya mwaka kusi ilipokuwa kali, manahodha wengi hawakuthubutu kutoka, wakasubiri demani. Mtu aliyetaka kusafiri kwenda Maskati alishuka pwani mapema, akapanga chumba, akangoja. Nahodha naye alikuwa akingoja, huku watu wake wakipaka chombo shahamu na kushona matanga. Tajiri mwenye pembe za ndovu alingoja vile vile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini angalau matumbo yote yaliumia pamoja.

Aliyejaribu kuudharau utaratibu huo alilipa. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa pale. Alikuwa na bahati ya msimu: tarehe 20 Mei alikuwa amefika pwani ya Calicut, chini ya mwezi mmoja. Kurudi, hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka India Oktoba mwanzoni, na bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake waliugua kiseyeye, fizi zikavimba, watu 30 hivi wakafa njiani. Alipofika Malindi Januari 1499 alikuwa amebaki na watu wachache mno wa kuendesha vyombo vyake, na muda mfupi baadaye akaichoma moja ya meli zake, São Rafael, kwa sababu haikuwa na wa kuiongoza. Upepo haukujali barua ya mfalme wa Ureno aliyokuwa nayo.

Mvuke ndio uliobadilisha mambo. Meli ya makaa haingoji kaskazi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, safari za kutoka Ulaya zikafupika, na kampuni zikaanza kuahidi siku, halafu saa. Kwa miongo mingi meli ya barua ya Union-Castle iliondoka Southampton kwenda Cape Town kila Alhamisi saa kumi alasiri. Kila Alhamisi! Ilikuwa kama basi. Hapo ndipo methali yetu ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako ilipopata maana ya kimashine.

Lakini saa ya kuondoka ilikuwa moja, na saa za kufika zikawa nyingi. Hapa ndipo ninapomleta Albert Ballin.

Ballin alizaliwa Hamburg mwaka 1857, baba yake akiwa wakala wa kuwasafirisha wahamiaji waliokuwa wakielekea Marekani. Alipanda mpaka akawa mkuu wa kampuni ya meli ya HAPAG. Tatizo lake lilikuwa majira ya baridi: Atlantiki inachafuka, abiria wanapungua, na meli ghali inakaa bure. Mwezi Januari 1891 akaichukua Augusta Victoria, akaijaza matajiri, akaipeleka Mediterania kwa matembezi tu. Hawakuwa wanahamia kokote. Watu wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa biashara ya meli za starehe tunazoziona leo.

Mwaka uliofuata, 1892, kipindupindu kiliipiga Hamburg na kuua zaidi ya watu 8,000. Wahamiaji maskini kutoka Urusi, wengi wao Wayahudi, walilaumiwa. Pia sheria ya Marekani ya mwaka 1891 ilikuwa imeshaziwekea kampuni za meli mzigo: mhamiaji akikataliwa kule kwa sababu ya ugonjwa au umaskini, kampuni imrudishe kwa gharama yake. Kwa hivyo kampuni zikawa na sababu ya kumchunguza mtu kabla hajakanyaga ngazi. Mwaka 1901 HAPAG ikafungua majengo ya wahamiaji kwenye kisiwa cha Veddel, Hamburg. Mhamiaji alifika, akaoga, nguo zake zikapigwa dawa, daktari akamkagua, akawekwa chini ya uangalizi, wengine kwa wiki mbili. Kusema ukweli, vitanda vilikuwa safi na chakula kilikuwepo, hata jiko la Wayahudi lilikuwa tofauti. Wengi walikuwa hawajawahi kulala pazuri hivyo. Lakini walikuwa wamefungiwa.

Sasa tazama kampuni hiyo moja, chini ya mkuu huyo mmoja: abiria wa matembezi anafika na gari moshi siku ya safari, anapokelewa na muziki. Abiria wa daraja la chini anafika wiki mbili kabla. Huko Kolkata ilikuwa kali zaidi. Wahindi wa mkataba waliopelekwa Mauritius, Trinidad na Fiji waliwekwa kwenye kambi za bandarini, wakasajiliwa na kupimwa, wakasubiri meli ijae. Hakuna aliyewauliza wangependa kufika lini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 10 Aprili 1912, kwa sababu saa zake tunazijua. Titanic ilikuwa iondoke Southampton saa sita mchana. Gari moshi la abiria wa daraja la pili na la tatu lilitoka London, kituo cha Waterloo, saa moja na nusu asubuhi, likafika gatini kama saa tatu na nusu. Wa daraja la tatu wakapita mbele ya madaktari. Gari moshi la daraja la kwanza lilifika saa tano na nusu, nusu saa tu kabla ya kuondoka. Kila nikisoma saa hizo namwona babu na sanduku lake, na yale magari ya saa tano.

Na wafanyakazi? Wao walikuwa wa kwanza kabisa, walitakiwa melini tangu asubuhi na mapema. Baada ya kuhesabiwa, baadhi ya wachochea makaa walishuka tena kwenda kunywa pombe baa ya karibu. Waliporudi, gari moshi refu likawa linapita kwenye reli za bandarini. Baadhi yao wakakimbia wakavuka mbele yake. Wengine, wakiwemo ndugu watatu wa ukoo wa Slade, wakangoja lipite. Walipofika ngazini wakakataliwa. Walibishana, walipunga mikono, wapi. Nafasi zao zikapewa watu wa akiba waliokuwa wamesimama pale tangu mapema wakiomba kibarua.

Mtu akisimulia kisa hicho hupenda kumalizia kwa kusema Mungu aliwapenda kina Slade. Siku nne baadaye meli iligonga barafu, na watu wapatao 1,500 wakafa. Mimi huwafikiria wale wa akiba. Wao walifanya kila kitu sawasawa: walidamka, walifika mapema, walisubiri kwa adabu. Wachochea makaa wengi hawakuokoka. Kwa hivyo usiniambie kwamba kufika mapema ni ufunguo wa maisha. Nilikuwa naamini hivyo. Siku hizi naona kwamba mara nyingi ni ada tu, na maskini hulipa kwa saa zake kile ambacho tajiri hulipa kwa pesa.

Siku hizi mpango umefunikwa vizuri, lakini haujafa. Ukikata tikiti ya meli ya starehe leo, huambiwi tu saa ya kuondoka. Unapewa kipindi chako cha kuripoti, kwa mfano kati ya saa sita na saa saba mchana, ili watu elfu tatu wasimiminike pamoja. Usajili hufungwa mapema, mara nyingi saa moja au zaidi kabla ya meli kuondoka, na hapo hata kama unaiona kwa macho yako, hupandi. Sababu zenyewe si uongo. Orodha ya majina lazima ifike kwa maafisa kabla ya safari. Tangu tarehe 1 Julai 2004 bandari za dunia zinafuata kanuni za usalama zilizotungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani: wanaoingia wajulikane, mizigo ikaguliwe. Halafu kuna rubani wa bandari, vimeli vya kuvuta, na gati ambalo meli nyingine inalisubiri. Maji nayo hupwa na kujaa bila kumuuliza mtu.

Kwa hivyo ushauri wa wazoefu ni mmoja: lala mji wa bandari usiku wa kuamkia safari. Usitegemee ndege ya asubuhi hiyo hiyo, wala matatu, wala feri. Ni ushauri mzuri, nami nautoa. Lakini angalia vizuri utaona pia mlango wa pembeni. Ukilipa zaidi, unapewa foleni fupi, unaingia wakati unaoutaka, na chumba chako kiko tayari. Upepo wa kaskazi haukuwahi kuuza foleni fupi.

Sisemi turudi kwenye majahazi. Watu walikufa sana, na wapo waliopakiwa kwenye vyombo hivyo wakiwa watumwa, hao hawakuwa na msimu wa kuuchagua. Ninachosema ni kwamba saa ya kufika haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliiandika mezani, akifikiria nani anaweza kungojeshwa na nani hawezi. Karani aliyemkataa babu hakuwa mbaya, alikuwa na orodha tu. Na mtandao uliofungwa usiku wa manane nao ulikuwa na orodha tu.

Mwezi uliopita binamu yangu alipata mkataba wa kuhudumu mezani kwenye meli ya starehe, akaambiwa ataipandia hapa hapa Mombasa. Akaniuliza, wewe mtu wa historia, nifike saa ngapi? Barua ilisema saa moja asubuhi. Nikamwambia avuke Likoni jana yake, mchana, kabla ya foleni ya jioni. Akalala kwa shangazi Majengo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa langoni na begi lake, na vyeti amevifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Saa nne alinipigia simu. "Bado tuko hapa nje," akasema. "Tumekaa kwenye ukuta. Saa hii basi la wageni limepita, limeingia moja kwa moja."

Nikamwambia asiondoke hapo hata kwenda chooni bila kumwachia mtu jina lake. Halafu nikamuuliza kama amekunywa chai.