Moto Juu, Moto Chini: Sikukuu Zilivyoifundisha Kihonda Kuoka

Kabla oveni za umeme hazijazoeleka hapa Kihonda, Morogoro, keki ziliiva kwa makaa yaliyopangwa juu ya kifuniko cha sufuria. Hata leo umeme ukikatika mkesha wa Idd, shughuli hazisimami. Jiko la mkaa linatolewa uani, mchanga mkavu unamwagwa ndani ya sufuria kubwa, kopo la keki linakalishwa juu ya mchanga, sufuria inafunikwa na makaa yanawekwa juu. Baada ya muda mama anachomeka kijiti cha chelewa katikati ya keki. Kikitoka kikavu, imeiva.

Wako wanaoamini kwamba kuoka nyumbani ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na televisheni na video za kwenye simu. Sikubaliani nao hata kidogo. Simu imeleta mapambo, krimu za rangi na keki za ghorofa tatu. Uokaji wenyewe una historia ndefu Morogoro, na ukiifuatilia utakuta kila hatua imesukumwa na sikukuu: Idd, Krismasi, Pasaka, na baadaye Nanenane, ambayo ni sikukuu ya chakula chenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Mji wa Morogoro una mizizi yake Simbamwene, ngome ya chifu Kisabengo iliyokuwa chini ya milima ya Uluguru kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara. Msafiri Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871 alikuta mji unatawaliwa na binti wa Kisabengo. Palipopita misafara palipita pia mapishi ya Pwani, na reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907 mji ukazidi kuwa karibu na bahari. Nazi, mchele na iliki vikawa na makao ya kudumu katika majiko ya Waislamu wa mjini, na pamoja navyo ukaja mkate wa kumimina.

Mkate huu ndio shule ya kwanza ya uokaji kwa nyumba nyingi, kwa hiyo unastahili kuelezwa vizuri. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa pamoja na tui zito, unatiwa sukari, iliki na hamira, kisha unaachwa mahali penye joto mpaka uumuke na kutoa mapovu. Sufuria inapakwa mafuta na kutangulizwa motoni. Rojo likimiminwa linaanza kushika chini na pembeni, na hapo ndipo makaa yanapaliwa juu ya kifuniko. Sasa mpishi anapunguza moto wa chini na kuongeza wa juu, vinginevyo chini kutaungua ilhali katikati bado kuna ubichi. Hakuna kipimajoto. Kinachotumika ni pua, na kiganja kinachosogezwa karibu na kifuniko. Binti aliyekuzwa kwenye kazi hiyo, siku akikabidhiwa unga wa ngano, siagi na mayai, anakuwa ameshajua nusu ya somo.

Nusu ya pili ililetwa na ngano. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na mwaka 1897 wakaanzisha ya Matombo upande wa pili wa milima. Hostia ya misa ni lazima iwe ya ngano na maji tu, kwa hiyo penye misheni palihitajika ngano na mtu wa kuioka. Krismasi na Pasaka zikaingia katika kalenda ya Waluguru zikiwa zimefuatana na mkate. Huko Ulaya nako mapishi ya keki yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1843 Alfred Bird wa Birmingham alitengeneza unga wa kuumulia kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vyenye hamira, na katika miaka ya 1890 August Oetker wa Bielefeld, Ujerumani, akaanza kuufunga katika vipakiti vidogo kwa ajili ya akina mama wa nyumbani. Ujerumani hiyohiyo ndiyo iliyoshika rasmi utawala wa nchi yetu mwaka 1891. Unga huo wa vipakiti, tunaouita baking poda, ndio ulioifanya keki iwe kazi ya saa mbili badala ya usiku mzima. Baadaye, katika miaka ya 1950, vilabu vya wanawake vilivyosimamiwa na maofisa wa maendeleo ya jamii vilifundisha kushona, malezi na mapishi, keki ikiwemo.

Wakati huo Kihonda ilikuwa bado pembezoni mwa mji, jirani na mashamba ya mkonge. Kilichoibadilisha ni viwanda. Katika miaka ya 1970 Serikali ilichagua eneo hili la barabara ya Dodoma lijengwe viwanda vya viatu, turubai, nguo na ngozi, na watu wakaja kutoka kila mkoa kutafuta ajira. Ghafla ukuta mmoja ukatenganisha Mchaga na Mzaramo, Mhaya na Mgogo, Mluguru wa Mgeta na Mpare wa Same. Kwa historia ya uokaji, naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu ya sahani.

Asubuhi ya Idd watoto hutumwa kupeleka sahani kwa majirani: mkate wa kumimina, visheti, kaimati, vipande vya keki, vyote vimefunikwa kitambaa. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Aliyepokea anasubiri Krismasi au Pasaka, naye anaijaza. Fikiria basi mama aliyelelewa mahali ambapo sherehe ni ndizi, nyama na mbege, sasa ana sahani tatu za watu kabatini na Krismasi inakaribia. Atajifunza kuoka. Atakwenda kwa jirani yuleyule aliyemletea mkate wa Idd, amwombe sufuria, kopo na maelekezo. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai kadhaa, ganda la limao lililokwaruzwa. Siagi na sukari zinapigwa kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe na chembe za sukari zisisikike tena, mayai yanaongezwa mojamoja, unga uliochungwa unaingia mwishoni kwa kukunjwa taratibu. Hivyo ndivyo maarifa yalivyopita kutoka msikitini kwenda kanisani na kurudi, bila darasa wala cheti.

Kisha unga ukaadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni, na ngano ni zao ambalo tumekuwa tukiliagiza kwa wingi kutoka nje. Mashamba makubwa ya Basotu huko Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, hayakutosheleza. Unga uliotoka Shirika la Usagishaji la Taifa uligawiwa kwa foleni, na mara nyingi uliisha kabla foleni haijaisha. Ugali ukawa wa mahindi ya njano ya msaada, yale watu waliyoyabatiza jina la Yanga. Uchungu zaidi kwa mtu wa Morogoro ulikuwa sukari. Mkoa ulikuwa na viwanda viwili vikubwa, Kilombero na Mtibwa, lakini mama wa Kihonda alipanga foleni kutafuta robo kilo. Msako wa mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, walioshutumiwa kuficha bidhaa, uliongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, Dakawa, kwenye barabara hiihii inayopita Kihonda kwenda Dodoma. Katikati ya mwaka huo bajeti iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na unga, siagi na sukari vikaanza kurudi madukani, ingawa kwa bei kali.

Keki ya miaka ile ilikuwa kitu cha kutunzwa. Ilikatwa vipande vyembamba, watoto wakahesabiwa kwanza. Kwa maoni yangu, heshima kubwa ambayo keki inayo hadi leo katika sherehe zetu, ile ya kulishana mbele ya wageni huku muziki ukipigwa, imetokana kwa kiasi fulani na miaka hiyo ya dhiki. Kitu kilichokuwa adimu utotoni hakiachi kuwa cha thamani ukubwani.

Pigo lililofuata lilitoka viwandani kwenyewe. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Vingine navyo vikayumba, vikafungwa au kuuzwa. Mshahara wa baba ulipokatika, sufuria ya mama ikabeba nyumba. Maandazi na hafukeki zilipelekwa shuleni na stendi, na keki za kipaimara, harusi na siku ya kuzaliwa zikawa za oda. Wakati huohuo mafundi bati walianza kutengeneza oveni za mkaa: sanduku la bati lenye rafu, droo ya makaa chini na nafasi ya makaa juu. Ni moto uleule wa mkate wa kumimina, ila sasa unaingiza makopo manne kwa mkupuo. Oveni hizo zilithibitisha ubora wake wakati wa mgao wa umeme, katika mkoa uleule wenye bwawa la Kidatu linalozalisha umeme tangu mwaka 1975.

Hapo ndipo Nanenane ilipoingia. Siku ya Wakulima hapo zamani ilikuwa Sabasaba, ukumbusho wa kuzaliwa kwa chama cha TANU Julai 7, 1954. Katika miaka ya 1990 Sabasaba ikawa ya biashara na wakulima wakapewa Agosti 8. Maonyesho ya Kanda ya Mashariki, yanayoikusanya mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, hufanyika katika Viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa Morogoro. Waokaji wa Kihonda hawahitaji nauli kubwa kufika, na tangu mwanzo wa Agosti ndoo za vitafunwa huingia mapema kuliko ng'ombe wa maonyesho.

Nanenane ilileta kitu ambacho Idd na Krismasi hazikukileta: iliuliza unga umetoka shamba gani. Katika mabanda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ya halmashauri na ya vikundi vya wanawake, utaona keki za unga wa muhogo, biskuti za viazi lishe, maandazi yenye unga wa ndizi, na mdalasini wa Matombo ukinusishwa wateja kabla haujasagwa. Kazi hii si rahisi. Unga wa muhogo hauna ule mnato wa ngano unaoshikilia hewa, kwa hiyo keki ya muhogo mtupu hukatikakatika na kesho yake inakuwa kavu. Mwokaji mzoefu huchanganya, sehemu ndogo ya muhogo kwa sehemu kubwa ya ngano, au huongeza mayai na kuyapiga zaidi. Viazi lishe havikaidi sana. Vikichemshwa na kupondwa huipa keki unyevu na rangi ya chungwa, na vina vitamini A ambayo watoto wetu wengi wanaihitaji. Miezi miwili hivi baadaye, Oktoba 16, huja Siku ya Chakula Duniani, iliyowekwa kukumbuka kuanzishwa kwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huko Quebec mwaka 1945, na mapishi hayohayo hutolewa tena mezani mbele ya viongozi.

Kisha yanasahauliwa, na hili linaniuma. Ifikapo Novemba, ukiagiza keki Kihonda utaletewa ngano tupu. Waokaji hawana lawama. Unga wa muhogo uliosagwa laini na kuchungwa vizuri hupatikana kirahisi wakati wa maonyesho, halafu unatoweka, na anayeutaka inabidi aanike na kusagisha mwenyewe. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano mwaka 2022, wengi walipunguza ukubwa wa andazi kuliko kuhangaika kutafuta muhogo.

Nanenane ijayo waandaaji wawatengee waokaji wa nyumbani banda lao, si kona ya banda la halmashauri. Wawape meza, mzani na kivuli. Keki zishindanishwe kwa kuonjwa siku ya kwanza na kuonjwa tena siku ya tatu, maana hapo ndipo muhogo hupimwa. Na pembeni ya meza hiyo akae msagishaji wa Morogoro mwenye mifuko ya unga wa kilo mojamoja, duka lake likijulikana liko mtaa gani na linafunguliwa saa ngapi mwaka mzima.