Njugu zenye maganda: Zichaguliwe kabla ya kukaangwa

NJUGU karanga ni miongoni mwa viungo vinavyotumiwa sana katika majiko ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Kayole na Dandora hadi Umoja. Lozi, ambazo huuzwa Eastleigh, hupendeza katika wali na halua, lakini bei yake huwashinda wengi.

Njugu hizo huletwa kutoka magharibi mwa nchi, hasa Homa Bay, Migori na Busia, na nyingine kutoka nchi jirani. Huuzwa zikiwa zimeondolewa ganda gumu la nje, lakini zingali na ganda jembamba jekundu.

Ganda hilo huliwa. Lina nyuzinyuzi, na huupa mchuzi wekundu na ukakasi kidogo. Anayetaka mchuzi mweupe huzikaanga njugu bila mafuta, huziacha zipoe, kisha huzisugua kwa viganja na kuzipepeta. Lozi humenywa baada ya kuloweshwa kwa muda mfupi katika maji yaliyochemka. Njugu zilizopondwa hutiwa katika mboga za kienyeji, kuku au samaki mkavu. Mchuzi huo sharti ukorogwe mara kwa mara, kwani hushika chini upesi.

Faida kubwa ya kununua njugu nzima ni kwamba mnunuzi huona anachonunua. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus humea penye unyevu na kutoa sumu ya aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini. Mwaka wa 2004, sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliwaua watu 125 nchini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Kwa mujibu wa viwango vya Kenya, njugu hazifai kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo.

Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kwa hivyo njugu zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe. Zikishamenywa zikaguliwe tena, kwa kuwa ganda huweza kuficha madoa. Aidha, zihifadhiwe mahali pakavu penye hewa.

Uchaguzi huo hauondoi hatari yote, ila huipunguza. Anayenunua njugu zilizokwisha kusagwa hana nafasi hiyo, maana njugu mbovu ikishasagwa haionekani tena.