Kikombe cha Muhimbili: kwa nini "si aache tu" haijawahi kutosha

Umewahi kupita Kariakoo asubuhi ukamwona kijana amesimama katikati ya watu, kichwa kimeinama, magoti yamekunjika, kama anayetaka kuanguka lakini haanguki? Wapita njia tayari wana jina lake: teja. Wapo wanaocheka, wapo wanaoshika simu zao vizuri, na wengi wetu tunasema neno lile lile: "Si aache tu?"

Hebu leo tulichukulie hilo swali kwa uzito. Kwa nini haachi? Sehemu ya jibu iko karibu sana na hapo. Kutoka Kariakoo pita Fire, shika Barabara ya Umoja wa Mataifa, ingia Upanga mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili. Hapo ndipo Februari 2011 ilipoanza kliniki ya kwanza ya methadoni nchini Tanzania. Lakini ili uelewe kinachofanyika pale, lazima turudi nyuma kidogo.

Heroini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1898, tena kama dawa ya kikohozi! Kwenye pwani yetu ilianza kuenea miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa ya kahawia, ya kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ikaingia heroini nyeupe, ambayo huyeyuka kirahisi kwenye maji. Kikiyeyuka, kinadungwa. Na sindano zikiwa chache, watu wanachangia. Tafiti zilizofuata jijini zilikuta zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu wanaojidunga anaishi na VVU.

Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo lililoshtua wengi. Baadhi ya wanawake wa Dar waliokuwa wakijidunga walikuwa wanavuta damu yao kwenye bomba la sindano, kisha wanampa mwenzao asiye na hela ya kete ajidunge damu hiyo. Waliamini ina unga wa kutosha kumtuliza arosto. Jiulize: arosto ni kitu gani, mpaka mtu akubali damu ya mwenzake?

Jibu liko kwenye ubongo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani na Sweden, kila kundi kwa njia yake, walionyesha kwamba seli za neva zina vipokezi, yaani kama kufuli, ambavyo dawa za jamii ya afyuni huingia kama ufunguo. Sasa, kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kufuli la mmea? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Scotland, walipata sababu: ubongo unatengeneza funguo zake wenyewe, za kutuliza maumivu. Heroini inaingia tu kwenye mlango ambao tayari upo.

Fikiria sasa wauza nguo wawili wa Kariakoo, kila mmoja na spika yake. Jirani akiongeza sauti, na wewe unaongeza ili usikike. Siku akizima ghafla, spika yako inabaki inapiga kelele mtaa mzima. Ndani ya shina la ubongo kuna kundi dogo la neva linalotuamsha na kutuweka macho. Heroini hulinyamazisha. Likinyamazishwa kila siku, nalo huongeza nguvu ili lifanye kazi yake. Heroini ikikatika, linalipuka: jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, usingizi hakuna. Hiyo ndiyo arosto. Kwa hiyo mtu aliyezoea mara nyingi hatafuti tena raha. Anatafuta aamke kama wewe unavyoamka.

Miaka 8 kabla ya vipokezi kuonyeshwa, tiba ilishaanza kujulikana. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuitumia kwa waraibu wa heroini. Inaingia kwenye kufuli zile zile, ila inanywewa, inapanda polepole, na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima wakati heroini huisha baada ya saa chache. Spika hazipandi wala kuzimwa ghafla. Wagonjwa waliokuwa wakiwaza kete inayofuata tu wakaanza kuwaza shule na kazi.

"Si ni kubadilisha unga kwa unga?" Ni kweli mwili bado unaitegemea dawa. Lakini mtu hadungi, haibi, halewi akipewa dozi yake sahihi, na ana saa 24 za kuishi.

Safari ya kutoka New York mpaka Upanga ilichukua miaka 46. Pale Muhimbili, chini ya daktari wa akili Jessie Mbwambo, mgonjwa alikuwa akifika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Na mazingira yetu yana mtihani wake: baadhi ya wagonjwa wana kifua kikuu, na rifampisini inayokitibu hulifanya ini liivunje methadoni haraka. Mtu anaweza kunywa kikombe chake vizuri na bado akapata arosto. Hapo dozi ndiyo inayorekebishwa. Mgonjwa hana kosa.

Baadaye kliniki zikafunguliwa Mwananyamala, Temeke na mikoani. Hata hivyo, kufika kila siku kunataka nauli, na kunataka nyumbani pawe na mtu anayekuamini.

Kwa hiyo, kama ndugu yako anatumia, usimfungie chumbani ukidhani arosto ikiisha na ugonjwa umeisha. Baada ya wiki chache mwili wake unakuwa umepoteza ule uzoefu, na akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana wengi hufa wakitoka tu jela au kifungoni nyumbani. Msindikize kliniki. Na kesho yake pia, kama nauli ipo.