Msuli wa mgongo uliofundishwa kazi ya moyo

Leo naweka programu kando kidogo.

Jirani yangu hapa Umoja ni fundi wa magari. Moyo wake umepanuka na kulegea. Akipanda hadi ghorofa ya tatu hupumzika mara mbili. Juzi aliniuliza: "Kijana, mgongo una misuli mingi. Si wachukue mmoja usaidie huu moyo?"

Nilicheka. Kisha nikaenda kusoma, nikakuta mzee hakukosea. Ilishafanyika!

Shida ya kwanza ilikuwa uchovu. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, bila likizo. Msuli wa mgongo una nguvu, ila huchoka haraka kama mkimbiaji wa mita 100. Mwaka 1969 Stanley Salmons na Gerta Vrbová walichapisha Uingereza matokeo ya majaribio yao kwa wanyama: msuli wa mbio fupi ukipewa mishtuko midogo ya umeme, mfululizo kwa wiki kadhaa, huanza kufanya kazi kama wa marathoni. Sisi watu wa kompyuta tungesema mashine ni ile ile, maagizo ni mapya.

Mwaka 1985 jijini Paris, Alain Carpentier na Juan Carlos Chachques walichukua msuli mpana wa mgongo wa mgonjwa. Waliuacha na neva na mishipa yake ya damu, wakauingiza kifuani na kuuzungusha kwenye moyo. Kifaa kidogo kiliuamsha kwa umeme ujikaze pamoja na mapigo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, zaidi ya watu 1,000 duniani walikuwa wamepasuliwa hivyo.

Je, ilifaa? Wengi walisema wanapata nafuu. Lakini vipimo vilionyesha damu iliyosukumwa haikuongezeka sana. Madaktari wengine walisema faida ilikuwa ya kuubana moyo usizidi kutanuka, kama mshipi. Tena waliozidiwa kabisa, ambao ndio waliohitaji msaada, ndio waliokufa zaidi baada ya upasuaji. Utafiti wa kulinganisha ulisimamishwa mapema kwa kukosa wagonjwa wa kutosha, na upasuaji wenyewe ukafifia.

Kilichoupiku ni nini? Vidonge. Mwaka 1999 tafiti mbili kubwa zilionyesha kwamba bisoprolol na metoprolol, dawa za kutuliza mapigo, hupunguza vifo vya watu wenye moyo dhaifu.

Nilimweleza mzee yote haya. Akanyamaza, halafu akakiri kwamba ameruka dawa zake wiki mbili. Alijisikia vizuri, na vidonge vidogo vile aliviona si tiba ya maana.

"Kwa hiyo hivi ndivyo vilishinda ule msuli wa Paris?"

"Ndiyo, mzee."

Jioni ile tulishuka pamoja hadi duka la dawa, polepole.