Ruzuku za Ufundi Nairobi: Kutoka Karakana za Kabete hadi Vocha ya Jua Kali

Vijana 70 kutoka kila wadi, kila mmoja shilingi 50,000 za kuanzishia kazi. Hiyo ndiyo hesabu ya mradi wa NYOTA, unaoendeshwa na Serikali ya Kenya kwa fedha za Benki ya Dunia. Nairobi ina wadi 85, kwa hiyo jiji zima linapata nafasi zisizofika 6,000. Kawangware, Gatina na Kangemi, palipo na nyumba za mabati zilizobanana ukuta kwa ukuta, zimepewa idadi ileile inayopewa wadi yenye watu wachache mashambani. Swali la nani apewe na nani aachwe ni la zamani. Ruzuku za mwanzo za kufundisha vijana ufundi katika eneo hili zilitolewa kabla shilingi haijaingia Afrika Mashariki, enzi za rupia.

Mwaka 1909 utawala wa Waingereza ulimtumia J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu kutoka Bombay, kuchunguza jinsi Waafrika wangeelimishwa. Fraser alipendekeza wafundishwe kazi za mikono. Nia haikuwa ya huruma: walowezi walitaka maseremala na waashi wa ujira mdogo kuliko mafundi wa Kihindi. Idara ya Elimu ilipoundwa mwaka 1911, misheni zikaanza kulipwa ruzuku kwa wanagenzi waliofaulu katika ufundi. Misheni ya Waskoti ya Thogoto, magharibi tu mwa Dagoretti, ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofundisha kwa fedha hizo.

Mwaka 1924 serikali ilifungua chuo chake yenyewe huko Kabete, Native Industrial Training Depot. Hapo walifunzwa waashi, maseremala na wahunzi kutoka pembe zote za koloni. Leo ndipo ilipo Kabete National Polytechnic, kando ya Waiyaki Way, na abiria wa matatu za Kangemi hupita langoni kila siku bila kujua kwamba wanapita kwenye taasisi iliyotimiza karne.

Kijana wa mjini hakuwamo katika mipango hiyo. Machoni pa wakoloni Mwafrika wa Nairobi alikuwa mpita njia: alitakiwa awe na kipande cha utambulisho na mwajiri, ama sivyo arudi kwao. Baada ya Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau jijini Aprili 1954, watoto wengi walibaki mitaani huku wazazi wao wakiwa kizuizini. Novemba 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati, kwa michango ya wafadhili. Griffin ndiye aliyekabidhiwa pia Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoundwa mwaka 1964.

Uhuru ulileta shule nyingi kuliko ajira. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza, baada ya shule ni nini? Jibu lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo serikali baadaye ilivikubali na kuvisaidia. Kama jina lake lilivyoonyesha, mpango huo ulikusudiwa kumzuia kijana asije mjini. Kwa yule aliyekwisha kufika Kawangware haukuwa na neno.

Aliyetazama upande wa mjini alikuwa mgeni. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti yake mwaka 1972. Ndani yake wafua bati, washona viatu na wachuuzi waliokuwa wakivunjiwa vibanda na askari wa baraza la jiji waliitwa sekta isiyo rasmi, na serikali ikashauriwa iache kuwabomolea. Jina hilo lilienea ulimwengu mzima. Ubomoaji nao uliendelea.

Mwaka uliofuata, 1973, padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha Undugu Society kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakiwaelekeza madereva mahali pa kuegesha katikati ya jiji na kudai senti kidogo. Mji uliwaita "parking boys". Polisi waliwakamata kama wazururaji, kwa sheria iliyokuja kufutwa mwaka 1997. Undugu ilitumia fedha za wafadhili wa Ulaya kuwafungulia madarasa yaliyofupisha elimu ya msingi kuwa miaka michache, mwaka wa mwisho ukiwa wa ufundi. Kisha kijana alipelekwa kwa fundi halisi, katika kibanda halisi, ajifunze kwa kushika nyundo. Wazo hilo ndilo lililokuja kurudi kila baada ya miaka kadhaa, kila mara likitangazwa kama jipya.

Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuagiza wajengewe mabanda, neno jua kali, jina la mafundi wanaofanya kazi juani bila paa, liliingia katika hotuba za serikali. Mwaka 1992 ukatoka waraka wa sera kuhusu biashara ndogo. Miaka miwili baadaye Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa mradi wa mafunzo na teknolojia kwa biashara hizo, na humo ndimo ilimozaliwa vocha.

Vocha ilikuwa karatasi. Mwenye kibanda cha kuchomelea vyuma au cherehani moja alilipa asilimia 10 ya gharama ya mafunzo, mradi ukalipa iliyobaki. Aliyerudi mara ya pili alitakiwa kuchangia zaidi. Alichagua mwalimu mwenyewe. Mwalimu akimaliza kufundisha, alipeleka karatasi hiyo kulipwa. Ruzuku ilikuwa mkononi mwa mwanafunzi, na chuo kilitakiwa kumbembeleza. Kabla ya hapo, tangu rupia za Thogoto, fedha zilikuwa zikipitia kwa mwenye shule.

Waliopanga mradi walitarajia vyuo vikubwa vivune. Haikuwa hivyo. Vyuo vilikuwa na kozi ndefu za mchana, zenye nadharia nyingi na masharti ya vyeti, na mtu anayekula alichouza jana hawezi kufunga kibanda miezi mitatu. Aliyemfaa ni fundi jirani aliyekubali kumfundisha jioni jinsi ya kukata kola au kupinda bomba, wiki chache tu. Vocha zilipoanza kutumika mwaka 1997, mafundi wa jua kali ndio waliochukua sehemu kubwa ya kazi ya ualimu, na tathmini za mradi zilikiri kwamba hilo halikutarajiwa. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 2002, zaidi ya vocha 37,000 zilikuwa zimetolewa nchini.

Lawama zilikuwepo, na za haki. Miaka mitatu ilipita kati ya mkopo na vocha. Utaratibu wenyewe uliacha mlango wazi: mwenye vocha na mwalimu wakipatana, fedha zingeweza kudaiwa bila somo kufundishwa. Zaidi ya yote, vocha ilimfaa mwenye kibanda au mfanyakazi wake. Kijana wa Kangemi asiye na kazi wala asilimia 10 alibaki nje. Na kilichoitwa ruzuku kwa fundi kilikuwa deni kwa taifa. Fedha za mkopo zilipokwisha, hakuna bajeti iliyotengwa kuendeleza vocha. Soko la mafunzo lililokuwa limeanza kuchangamka liliachwa lipoe, uzembe ambao haujawahi kuelezwa vizuri.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa ufupi. Mradi wa serikali wa Kazi kwa Vijana ulizinduliwa mwaka 2009 kwa vibarua vya kuchimba mitaro, ukazama katika mzozo wa matumizi ya fedha mwaka 2011 hadi Benki ya Dunia ikasitisha msaada wake. Upande wa mafunzo wa mradi huohuo, ulioendeshwa na muungano wa sekta binafsi, KEPSA, uliendelea Nairobi bila kelele. Mwaka 2016 ukaja mradi wa KYEOP, uliowalipa mafundi bingwa wa jua kali wawafundishe vijana kazi. Vyuo vya ufundi kama vya Waithaka na Kangemi, vilivyokabidhiwa kaunti baada ya mwaka 2013, vilipata ruzuku maalumu ya serikali kuu kwa miaka michache kuanzia 2017, kisha ikakatwa.

NYOTA, iliyoidhinishwa mwaka 2023, ina kipengele kisichosikika sana katika mabishano ya shilingi 50,000: kupima na kuthibitisha ujuzi wa waliojifunza kazi bila kupita darasani. Seremala aliyefunzwa na seremala mwenzake kando ya Ngong Road, akifaulu, anapewa cheti kinachotambuliwa na serikali.