Mkesha na Fanani Wake: Historia ya Usiku wa Filamu za Kutisha, kwa Kurejelea Kabiria, Nairobi

Utangulizi

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, katika maduka makubwa na kumbi za burudani za jiji la Nairobi huonekana maboga yaliyochongwa macho na meno, vinyago vya mafuvu, na matangazo ya filamu za kutisha zitakazoonyeshwa usiku kucha. Halloween, kwa asili ya jina lake, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Kanisa la Magharibi huiadhimisha tarehe 1 Novemba. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na sinema ya Marekani ikaja kuieneza kwingineko. Wapo wanaoiona kuwa ni uigaji mtupu, na wapo wanaoiona kuwa ni mlango wa ushetani. Makundi haya mawili hukubaliana juu ya jambo moja: kwamba desturi hiyo haina mizizi katika ardhi hii.

Makala haya yanadai kwamba rai hiyo ina ukweli kuhusu maboga, lakini haina ukweli kuhusu mkesha. Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikusanyika usiku ili watishwe tangu zamani, na walikuwa na kanuni za kufanya hivyo. Suala la msingi, basi, halihusu ugeni au wenyeji wa hofu. Linahusu mtu anayeishika hofu hiyo mkononi, anayeifungua na kuifunga mbele ya hadhira. Katika taaluma ya fasihi simulizi mtu huyo huitwa fanani. Historia inaonyesha kwamba mkesha wenye fanani huzaa burudani na mafunzo, na kwamba mkesha usio na fanani umewahi kuzaa mauti.

Kabiria, kitongoji kilichoko upande wa Riruta katika eneo la Dagoretti, magharibi mwa jiji, ni mahali panapofaa kuiwazia hoja hii. Hapo hukutana historia mbili: ya Wagikuyu wa Dagoretti na ngano zao za mazimwi, na ya wakazi waliohamia mjini kutoka pande zote za nchi, kila mmoja na majinamizi ya kwao, wakiunganishwa na Kiswahili. Atakayepanga usiku wa filamu za kutisha mahali kama hapo atakuwa anarithi historia zote mbili, ajue asijue.

Mkesha wa Hadithi

Zimwi la Wagikuyu, irimu, huelezwa katika ngano nyingi kuwa na kinywa cha pili kisogoni, kilichofichwa chini ya nywele. Kwa mbele ni kijana mtanashati wa kutamaniwa na mabinti. Kwa nyuma ni mla watu. Katika ngano mashuhuri ya mke wa mhunzi, mume yuko mbali kwenye kiwanda chake cha kufua vyuma, na mke mjamzito ameachwa peke yake. Zimwi linaingia nyumbani, linajifanya msaidizi, na linamnyima mzazi chakula huku likimkebehi. Mwanamke anamlisha njiwa mbegu za mbarika na kumtuma kwa mumewe. Njiwa anaimba wimbo wake mara kadhaa kabla ya kueleweka, mhunzi anarudi, na zimwi linauawa.

Wanjiku Mukabi Kabira, katika The Oral Artist (1983), aliwaelekeza wahakiki wamtazame msimulizi wa Kigikuyu kama msanii kamili, mwenye sauti, ishara na uhusiano hai na hadhira yake. Kwa mtazamo huo, mtu hawezi kusema kwamba ngano ya mke wa mhunzi inatisha kwa sababu ya zimwi peke yake. Inatisha kwa sababu ya namna msimulizi anavyoikawiza njia ya njiwa. Wimbo unaorudiwa ndio unaojenga taharuki, na papo hapo ndio unaoipunguza, kwa kuwa hadhira huuimba pamoja na msimulizi. Mtoto anayeogopa hupewa kazi ya kufanya: badala ya kuikimbia hofu, huitikia wimbo wake.

Kanuni nyingine za utambaji zilielekea huko huko. Hadithi zilisimuliwa usiku, baada ya kazi, karibu na moto, na mtu mzima ambaye wasikilizaji walimjua. Katika utambaji wa Kiswahili, "Paukwa!" ya fanani na "Pakawa!" ya hadhira ni mkataba: pande mbili zinakubaliana kwamba kinachofuata ni hadithi. Vilevile kuna maneno ya kufungia, yanayowarudisha wasikilizaji katika ulimwengu wao. Ngano ya kutisha, kwa hiyo, ilikuwa nyumba yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na ufunguo wa milango yote miwili ulikuwa mikononi mwa fanani.

Mkesha Bila Fanani

Mji wa kikoloni ulizaa masimulizi ya namna nyingine. Katika Speaking with Vampires (2000), Luise White alichambua simulizi zilizoenea Afrika Mashariki kuhusu wazimamoto, watu waliodaiwa kuwakamata wapita njia na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Pwani, hofu hiyo ilijulikana zaidi kwa jina la mumiani. Miongoni mwa ushahidi wake yamo mahojiano aliyoyafanya Nairobi katika miaka ya 1970. White huzisoma simulizi hizo kama kumbukumbu ya uhusiano wa kikoloni uliowafanya watu waone miili yao si mali yao. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, jambo la kuongezwa ni kwamba hazikuwa na "Paukwa". Zilisimuliwa kama habari, na habari haina maneno ya kufungia.

Mfano mzito zaidi ni wa Popobawa. Mwaka 1995 hofu ya jinamizi hilo ilizuka Pemba na kuvukia Unguja, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Ilisemekana kwamba Popobawa huwaingilia watu wakiwa wamelala ndani ya nyumba zao. Watu wakahamia nje, wakawasha mioto na kukesha kwa makundi. Kwa sura, hali ile ilishabihiana mno na mkesha wa hadithi: usiku, moto, umati na jinamizi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba hadithi imekwisha. Martin Walsh, aliyelichunguza tukio hilo kwa undani, ameeleza jinsi lilivyofungamana na siasa za visiwa hivyo. Katika hofu hiyo mtu asiye na hatia aliuawa na umati mjini Zanzibar.

Kenya nayo ilikuwa na simulizi lake katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake, iliyotolewa hadharani mwaka 1999, ilieleza habari za mauaji ya kafara, ulaji wa nyama za watu na miujiza ya kishetani, na ikayataja baadhi ya madhehebu kuwa ni milango ya imani hiyo. Ripoti hiyo ina karibu kila kipengele cha ngano ya zimwi, hata sura mbili za adui aliyejificha miongoni mwa watu. Lakini msimulizi wake alikuwa dola, na dola haitambi ngano. Ikisema zimwi lipo, raia huanza kulitafuta kwa jirani.

Kwamba utafutaji huo huwa na wahanga ni jambo lililo wazi. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wazee wale walijuliwa vyema na waliowachoma, na kujuana huko hakukuwaokoa.

Ukumbi na Kibanda

Sinema iliingia katika historia hii ikiwa chini ya mkono wa sheria. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema mwaka 1912, na udhibiti uliofuata uliwapanga watazamaji kwa rangi: filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya 1962 (Sura ya 222) ndiyo iliyorithiwa na Kenya huru, na ndiyo iliyoipa mamlaka Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mdhibiti huamua nani atishwe na kwa kiasi gani, lakini haketi na hadhira gizani. Kumbi za katikati ya jiji, kama Kenya, Odeon na Twentieth Century, ziliwapa watu giza, kiwambo kikubwa na ukimya. Mtazamaji aliachwa peke yake na hofu yake, akiwa amezungukwa na mamia ya watu.

Kibanda cha video kiliuvunja ukimya huo. Kaseti zilipoenea, mitaa ya kipato cha chini ilipata kumbi zake: chumba cha mabati, mabenchi, pazia zito dirishani, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Humo watu husema na kiwambo, humwonya mhusika, humcheka jini. Na humo fanani alirudi. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzitafsiri na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kazi ambayo Matthias Krings ameichambua katika African Appropriations (2015). Kampala ilikuwa na wasimulizi wa aina hiyo kwa Kiganda. Nairobi ilimpata DJ Afro, ambaye filamu alizozisimulia, hasa za mapigano na za Kihindi, zilisambaa vibandani na katika matatu. Msimulizi huyu huwabatiza wahusika majina ya mtaani, hutabiri litakalotokea, na hutia mzaha mahali ambapo mwongozaji wa filamu alikusudia hofu. Mhakiki wa haraka atasema kwamba anaiharibu filamu. Kwa kweli anairudishia mlango wa kutokea.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, Mussa Banzi wa Tanzania alitengeneza filamu za kutisha za Kiswahili, zikiwemo Nsyuka na Shumileta. Nsyuka ilichota katika imani za Wanyakyusa. Shumileta ilimleta jini wa kike anayempenda binadamu, mhusika ambaye msikilizaji wa hadithi za pwani hahitaji kutambulishwa kwake. Katika filamu hizi zimwi lilipata jina la hapa na likazungumza Kiswahili.

Kuupanga Mkesha

Kutokana na historia hii, mpangaji wa mkesha wa Halloween huko Kabiria ana maamuzi matatu ya kifani yenye uzito wa kimaadili.

La kwanza ni dhamira. Filamu zikirundikwa bila wazo la kuziunganisha hazitofautiani na orodha ya ubaoni. Tena si kila dhamira inafaa. Usiku mzima wa vikongwe wachawi, katika nchi iliyoyaona ya Kisii, ni usiku unaoendeleza madai ya wachomaji. Dhamira ya "mgeni mlangoni" ina manufaa zaidi, maana inaanzia katika ngano ya mke wa mhunzi na kuenea mbali. Nosferatu ya F. W. Murnau (1922) humleta mgeni kwa jahazi pamoja na panya na tauni. Shumileta humleta mgeni kwa njia ya mapenzi. Night of the Living Dead ya George Romero (1968) huwafungia watu saba katika nyumba iliyozingirwa na wafu.

La pili ni mpangilio. Nosferatu, ikiwa filamu isiyo na sauti, inastahili kutangulia, kwa kuwa huacha nafasi tupu ambayo msimulizi anaweza kuijaza kwa Kiswahili tangu mwanzo. Shumileta ifuate, hadhira isikie lugha yake. Filamu ya Romero ndiyo kilele. Shujaa wake, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, huvuka usiku ule akiwa hai. Kunapopambazuka, kundi la wasakaji wenye silaha humdhania kuwa mmoja wa wafu na kumpiga risasi. Hapo hadhira hutambua kwamba zimwi lenye vinywa viwili ni umati wenyewe: kinywa cha mbele husema kinawalinda watu, cha nyuma kinakula. Hakuna filamu iliyo karibu zaidi na Zanzibar ya 1995, ingawa ilitengenezwa Marekani miaka 27 kabla yake. Lakini filamu hiyo haina mlango wa kutokea. Kuwaacha watazamaji waende nyumbani nayo vichwani ni kuwanyima haki yao. Mkesha ufungwe kwa mzee wa Dagoretti kuitamba ngano ya mke wa mhunzi kwa mdomo, wimbo wa njiwa ukiitikiwa na wote.

La tatu ni fanani mwenyewe. Onyesho la hadhara huhitaji filamu zilizoainishwa na Bodi, na daraja zake za umri, kutoka zile za watu wote hadi za waliotimiza miaka 18, hazina budi kuheshimiwa. Ruhusa ya wenye Shumileta yafaa kuombwa. Filamu ya Romero, kwa kuwa ilitolewa bila tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma nchini Marekani. Hata hivyo, hati zote zikiwa tayari, bado hutakiwa mtu wa kusimama kando ya kiwambo: mwenye kufungua, kueleza, kutania na kufunga.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mkesha wa filamu za kutisha ni tawi jipya la mti wa zamani, na kwamba wanaoupinga kwa hoja ya ugeni wanaelekeza macho mahali pasipo na hatari. Hatari ilikuwapo Zanzibar na Kisii, ambako hapakuwa na maboga wala vinyago, bali hofu iliyosimuliwa kama habari na watu wasiokuwa na wajibu wa kuifunga. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemtazama fanani kwa muda mrefu kama hazina ya jadi inayopotea. Katika vibanda vya Nairobi hajapotea. Yuko kazini, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba, taa zinapowashwa, kila mtu anamwona jirani yake kuwa ni mtu.